Dorika Mughwai Anastaafu, Sahihi Moja Bado

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Dada Dorika Mughwai, mhudumu mkuu wa ofisi na mtunza ukumbi, anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Alizeti Juhudi hapa Ikungi kwa miaka thelathini na minne, miezi minane na siku ishirini na nne. Hesabu hiyo imepigwa na ofisi. Mwenyewe anasema imezidi. Tukiondoa siku alizotoka kazini kwenda kupatana na watu, anasema, inabaki miaka thelathini na mmoja na ushee, na asingependa kuagwa kwa miaka ambayo hakuifanyia kazi.

Kamati ya maandalizi iliniomba mimi, Gerald Simoni, mtunza ghala, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliombwa tangu mwezi wa tisa. Nimechelewa sana, na mchapaji ameshapiga simu mara tano, ya mwisho bila hata salamu. Sababu ya kuchelewa nitaieleza, maana ndiyo hiyo hiyo iliyofanya mabati thelathini ya zawadi yake yalale ghalani kwangu wiki tatu nzima, huku mvua za kwanza zikinyesha na nyumba yake ikivuja. Dada Dorika alikataa kuyapokea mpaka watumishi wote arobaini na mmoja watie sahihi kwamba hawana neno naye. Arobaini walitia.

Tuanze mwanzo. Dada Dorika alizaliwa Sepuka mwaka 1965, mtoto wa tatu wa mkulima wa uwele. Alianza kazi Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991, akiwa mfagizi. Wakati huo ushirika ulikuwa na mashine moja ya kukamua na viti sita, kimoja cha mguu mbovu, na alikuwa akivihesabu kila jioni kama vile vingeweza kutoroka. Baadaye akakabidhiwa jiko, kisha ukumbi, kisha funguo zote isipokuwa za ghala. Chai yake ina tangawizi ambayo imewahi kumtoa machozi mkaguzi kutoka mkoani. Kwa miaka mitano ya mwanzo hakuna mtu aliyekuwa na habari yoyote ya kusimulia juu yake.

Mwaka 1996 usharika wake wa Kilutheri ulifanya semina ya Kwaresima juu ya mafundisho ya Yesu. Mada ya siku ya pili ilikuwa lile fundisho kwamba mtu akiwa anatoa sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno naye, aiache hapo hapo, aende kwanza wakapatane. Washarika wote waliandika kwenye madaftari. Dada Dorika hakuwa na daftari. Alikuwa na jogoo wa sadaka, na kwa bahati mbaya au nzuri, akakumbuka kwamba wifi yake wa Sepuka ana neno naye. Akamweka jogoo chini mbele ya madhabahu, akatoka nje, akashika njia ya Sepuka.

Alirudi siku ya tatu. Wazee wa kanisa walishindwa kumnadi jogoo yule, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajamtoa bado, na walishindwa kumwondoa, kwa sababu aliambiwa abaki. Kwa siku mbili jogoo alikula mahindi ya usharika na kuwika katikati ya maombi. Inasemekana mwinjilisti alifikia hatua ya kumsubiri amalize. Dada Dorika aliporudi, akamwinua, akamtoa sadaka kwa unyenyekevu mkubwa, na wifi yake amesimama pembeni.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuliahirisha fundisho lile hata kwa dakika moja. Wengi wetu tunamfuata Yesu Jumapili, tena kwa mbali kidogo ili tuweze kukata kona. Dada Dorika alimfuata siku za kazi, saa za kazi, mikono ikiwa imeshika vitu vya ushirika. Akikumbuka kwamba kuna mtu ana neno naye, hukiweka chini alichokishika, na hutoka. Tumewahi kukuta ufagio katikati ya ngazi, birika likichemkia hewani, na bendera ya taifa ikiwa imepanda nusu mlingoti bila msiba wowote. Polisi walikuja kuuliza nani amekufa.

Tukio ambalo bado linasimuliwa ni la Mkutano Mkuu wa mwaka 2003. Ajenda ilikuwa ununuzi wa mashine ya pili ya kukamua, na wanachama walikuwa wamebishana tangu asubuhi. Dada Dorika alikuwa anampa mgeni rasmi chai. Kikombe kikiwa kimebakiza shubiri moja kumfikia, akakumbuka kwamba Chrispin, mpimaji wetu wa mizani, ana neno naye kuhusu beseni. Akageuka na kikombe, akakiweka dirishani, akatoka. Mgeni rasmi alibaki amenyoosha mkono. Alikuwa mtu wa adabu, akadhani ni desturi ya hapa, asiushushe. Meneja alipoona hivyo, naye akanyoosha wake ili mgeni asiaibike. Meza kuu yote ikafuata. Wanachama waliokaa nyuma, waliposhtuka na kuona mikono iko juu kule mbele, wakadhani ni kura. Wakanyoosha. Karani akahesabu mikono mia mbili na kumi na tatu, azimio likapita bila mpinzani, na mashine ile inakamua mpaka leo. Chrispin alirudishiwa beseni lake.

Bi. Eliana, meneja wetu wa sasa, alipoingia mwaka 2009 alijaribu kuliweka jambo hili katika utaratibu. Akaanzisha Fomu Namba 7, Tamko la Kutokuwa na Neno, inayojazwa kila robo mwaka kwa nakala mbili na kupigwa muhuri. Lengo lilikuwa kwamba Dada Dorika, akiwa na mafomu yote mkononi, aweze kufanya kazi miezi mitatu mfululizo bila kutoka. Mafomu yenyewe yakazaa maneno mapya. Fundi mashine alinuna kwa kuwa jina lake liliwekwa chini ya la mlinzi. Mlinzi alinuna kwa kuwa fundi amenuna. Dada Dorika akawaendea wote wawili kuomba radhi kwa ajili ya orodha ambayo hakuiandika.

Halafu tabia ikaambukiza. Makarani wakaanza kutoka kwenda kupatana. Mpimaji akawa anaacha gunia la mkulima linaning'inia kwenye mizani. Siku fundi alipoacha mashine inaunguruma akaenda Mandewa kumwomba radhi shemeji yake, tulikamua mashudu mara ya pili na mara ya tatu mpaka yakatoka moshi. Kesho yake likabandikwa tangazo ambalo bado lipo ubaoni: NI MARUFUKU KUPATANA SAA ZA KAZI. UPATANISHO WOTE UFANYIKE KATI YA SAA SABA NA SAA NANE MCHANA. Dada Dorika alilisoma, akasema Yesu hakutaja saa, akaendelea.

Habari zake zilifika mbali. Mzee Badrudin, mwenye duka la vyombo Singida mjini, alimwona anaingia dukani siku moja ya mwaka 2015 amevaa nguo za kanisani. Alikuja kuomba radhi kwa sababu mwaka 1998 rundo la ndoo lilimwangukia mzee huyo, na Dorika akacheka akiwa upande wa pili wa barabara. Mzee Badrudin hakuwa amejua kwamba kuna mtu alicheka. Sasa alijua. Akakasirika papo hapo, akafunga duka kwa dakika kumi, akakaa ndani na hasira yake mpya. Alipofungua, Dada Dorika alikuwa bado amesimama pale pale juani. Mzee akasema, "Ingia basi, mama, mimi na wewe hata hatukuwa tunafahamiana." Leo wanapelekeana sahani kila Idd na kila Krismasi, na Mzee Badrudin ametujazia Fomu Namba 7 kwa hiari yake, imepigwa muhuri wa duka.

Kule Sepuka watu waligundua kwamba ukiwa na neno na Dorika, Dorika anakuja, tena na kuku. Manung'uniko ya Sepuka yakaongezeka ghafla. Mzee Ezekieli, mjane asiye na watoto karibu, alimwekea neno kuhusu panga lake lililoazimwa, na alikaa na neno hilo miaka minne. Panga lilirudishwa mwezi wa kwanza tu. Kila baada ya wiki mbili Dada Dorika alikwenda, akaomba radhi, akamfagilia uwanja, akampikia, na mzee akasema bado linamuuma. Nilipokwenda kule kununua magunia nilimuuliza kwa nini hasamehi. Akanijibu bila haya, "Nikisema sina neno, nani atakuja?" Nilipomfikishia Dada Dorika maneno hayo, alicheka sana, kisha akaniambia analijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo msidhani ni mtu wa kuchezewa. Alijua nani ana neno la kweli na nani ana neno la kuku. Na hapo ndipo nafika kwenye sahihi inayokosekana, ambayo ni yangu.

Ilipotangazwa zawadi ya mabati, Dada Dorika alisema hawezi kuinyooshea mkono ikiwa kuna hata mtumishi mmoja mwenye neno naye. Mchungaji wake alikuja ofisini kumweleza kwamba fundisho lile linamhusu mwenye kutoa, si mwenye kupokea. Akamjibu, "Mchungaji, mkono ni ule ule." Bi. Eliana akatoa Fomu Namba 7 ya mwisho, nafasi arobaini na moja. Watu wakatia sahihi asubuhi moja. Mimi nikasema nitatia baada ya chakula. Nikasema kesho. Nikasema kalamu haiandiki. Watumishi wakaanza kunitazama vibaya, kwa sababu mvua ilishaanza, na kila asubuhi Dada Dorika alikuja kazini kitenge chake kikiwa na unyevu.

Mwezi Machi 2014 mama yangu, Marietha, alifariki. Yeye na Dada Dorika walikuwa marafiki wa kwaya. Dorika alimuuguza miezi mitatu, akimletea uji kila jioni akitoka kazini, akimgeuza kitandani mimi nikiwa nimechoka. Mama aliniambia kwamba siku ya kumzika nisikubali afukiwe kabla Dorika hajafika, maana kuna wimbo alioutaka na Dorika ndiye aliyeujua kuuongoza. Nikaahidi.

Siku ya mazishi tulimsubiri. Nilimwomba mchungaji nusu saa, nikamwomba nusu saa nyingine. Watu wazima walikaa juani, wanaume wameegemea makoleo. Hakuja. Tulimzika mama kwa wimbo mwingine, ambao ubeti wa pili hakuna aliyeujua, tukaurudia wa kwanza mara tatu. Dada Dorika alikuwa ametoka kwake na sufuria la wali wa wafiwa. Alipofika njia panda akakumbuka kwamba mwanamke mmoja wa kijiji cha pili ana neno naye kuhusu kuku aliyetagia kwenye banda la mwenzie. Akaliweka sufuria chini ya kichaka, akaenda. Walipatana, wakalia, jua likazama, akalala huko. Alitufikia kesho yake mchana, uso umejaa furaha ya mtu aliyetii. Aliponiona tu akaniuliza, "Gerald, una neno nami?"

Nikamwambia sina.

Nilikuwa nalo. Lakini utamwambiaje mtu kwamba humsamehi kwa sababu alifanya alichosema Yesu? Nilijiona mimi ndiye mpagani. Kwa hiyo kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja amekuja mlangoni mwa ghala. Mimi ni mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, nikaanza kwa shikamoo, naye akaitika marahaba, akauliza, nami nikajibu sina, nikarudi kuhesabu magunia niliyokwisha kuyahesabu. Watumishi wengine aliwauliza mara moja; wakijibu, basi. Mimi hakuacha.

Jumatano hii, saa nne asubuhi, niliingia jikoni na karatasi hizi. Nilishindwa kusema kwa mdomo, nikamsomea. Nilisoma kuanzia jogoo mpaka sufuria. Alicheka kwenye ndoo za Mzee Badrudin. Nilipofika kwa mama, aliweka chini kikombe alichokuwa anaosha, na nikajua kwamba safari hii hakiweki ili aondoke. Akavuta kreti tupu la soda, akakaa.

Nilitegemea anieleze fundisho. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nina hoja miaka kumi na moja. Alijifuta uso na pindo la kanga, kisha akasema, "Gerald mdogo wangu, nilikosea. Yesu alisema niache sadaka. Hakusema niache wafiwa."

Akaniuliza kama mama alimtaja. Nilimwambia ukweli, kwamba alimtaja mpaka sauti ilipokata. Basi tukalia, yeye kwenye kreti na mimi nimesimama karibu na jiko. Chai ya watumishi arobaini ilikauka hadi sufuria likaanza kunuka, na hakuna aliyethubutu kuingia, kwa sababu walisikia tunapatana na haikuwa bado saa saba. Bi. Eliana mwenyewe alifika mlangoni, akasikiliza, akaenda kulibandua tangazo ubaoni. Baadaye alilirudisha, lakini alilibandua.

Mimi nikatoa fomu mfukoni, nikatia sahihi ya arobaini na moja. Nikadhani tumemaliza. Dada Dorika akaipokea, akaikunja, akaiweka kifuani, halafu akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimwangalia mtu.

"Haya," akasema. "Sasa mimi nina neno nawe."

Nikamuuliza lipi.

"Miaka kumi na moja nimekuuliza, Gerald. Kila Jumatatu. Unaniambia huna. Mimi moyoni nilijua kuna mtu ananishikilia, nikikudhania wewe unakana, nikazunguka mkoa mzima kumtafuta mwingine. Nimeomba radhi kwa watu ambao hata sikuwakosea. Nimemwudhi Badrudin bure. Kumbe ni wewe, hatua ishirini kutoka jikoni kwangu."

Nikamwomba msamaha hapo hapo, kwa moyo wote, huku nikiwa nimejipanga kupokea tabasamu lake. Alifikiri kwa makini. Akaguna. Akasema leo hajaweza, nije Jumatatu.

Ndugu wasomaji, katika miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyewahi kusikia kwamba Dada Dorika ana neno na binadamu yeyote. Habari ilifika kwenye mashine kabla sijafika ghalani. Fundi alikuja kunipa mkono. Mlinzi amenuna kwamba heshima hiyo imepewa mtu wa ghala. Mwenyewe alitoka jikoni akitembea wima, na alasiri alihesabu viti vya ukumbi akiimba. Ulikuwa ule wimbo aliotaka mama. Nilisimama nyuma ya magunia ya alizeti nikausikiliza mpaka ubeti wa nne, na nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi.

Mabati yamekwisha kupakiwa kwenye lori na atayapokea leo mbele yenu kwa mikono miwili. Ushirika wa Alizeti Juhudi unamshukuru kwa ukumbi ambao haujawahi kukosa kiti, kwa chai inayotoa machozi, kwa mashine ya pili, na kwa kutuonyesha, kwa kufanya na kwa kukosea, kwamba maneno ya Yesu hayakutolewa yakae kwenye madaftari. Dada Dorika, tunakuombea siku nyingi zenye afya, nyumba kavu, majirani wema, na Sepuka yenye mvua ya kutosha utakapokwenda kumtembelea Mzee Ezekieli.

Mimi nitakuja kwako Jumatatu, saa za kazi. Bi. Eliana amenipa ruhusa kwa maandishi. Nitabisha hodi, nitakuamkia, halafu nitakuuliza. Na kama bado unalo, dada yangu, nakuomba usiniambie huna.